Kamati za sherehe Arusha, kama mnataka watu wa kushika magitaa kwa ajili ya picha, msiite bendi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Uzi huu ni wa malalamiko, na ninauandika nikiwa na hasira, ingawa nimejitahidi kuishusha ili hoja isomeke. Mimi ni mpiga gitaa la besi katika bendi inayofanya kazi zake hapa Arusha, kwenye hoteli wakati wa msimu wa watalii na kwenye kumbi za sherehe mwaka mzima. Ninachokilalamikia ni tabia ya kamati za sherehe, washereheshaji na baadhi ya wenye kumbi ya kuikodi bendi, kuizuia isipige, kisha kuiuliza bila haya kama ina wanamuziki kweli.

Nieleze kilichotukuta, maana wengine mtadhani ninatia chumvi. Tuliitwa kwenye sendofu katika ukumbi mmoja upande wa Njiro, tukapokea advansi, tukafika alasiri na vyombo vyetu vyote, tukaanza kufunga mitambo. Kabla fundi mitambo wetu hajamaliza kuchomeka nyaya, akatujia mjumbe wa kamati, mtu mzima mwenye heshima zake, akasema, "Vijana, msihangaike na hizo nyaya. Sauti yote itatoka kwa DJ. Ninyi mtasimama pale mbele na vyombo vyenu, mwonekane mnapiga, video itoke vizuri."

Mpiga dramu wetu, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno mengi, akamjibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. Sasa bendi mlituitia nini?"

"Marahaba mwanangu. Usikasirike. Ninyi ni wapiga vyombo tu, mwanamuziki mwenyewe anakuja saa nne."

Mwanamuziki wa saa nne alikuja saa tano na nusu. Ni kijana mstaarabu, alitusalimia mmoja mmoja, na sina ugomvi naye binafsi. Alipopanda jukwaani DJ aliweka wimbo mzima kutoka kwenye fleshi, si biti tupu bali wimbo wenye sauti yake ndani, pamoja na kiitikio alichokipanga studio kwa sauti zake mwenyewe nne, naye akawa anarukaruka huku maiki ikiwa mara mdomoni, mara kiunoni, na sauti isipungue hata chembe. Sisi tulikuwa nyuma yake, mimi nikibonyeza nyuzi za gitaa lisilounganishwa na kitu chochote, mpiga dramu akipunga fimbo hewani ili asiharibu sauti ya fleshi. Kijana hakukosea popote, na hapo ndipo lilipo lalamiko langu lote: hakukosea kwa sababu hakukuwa na jambo alilokuwa akilifanya ambalo lingeweza kukosewa.

Alilipwa fedha zake zote kabla hajaingia kwenye gari. Sisi tulipofuata salio letu Jumatatu, tuliambiwa kwamba kamati imekaa na kuona haiwezi kulipa fedha yote ya bendi wakati bendi yenyewe haikupiga.

Sasa tuzungumze kuhusu huyo mwanamuziki wa kweli ambaye mzee alituambia tumsubiri. Kwangu mimi, mwanamuziki ni mtu ambaye sauti inayosikika wakati huo inamtegemea yeye, kiasi kwamba akilegea inalegea na akipotea wasikilizaji wanajua amepotea, na mtu huyo anakubali kubeba hatari hiyo mbele ya watu. Kuwa na video, kuwa na wafuasi wengi mtandaoni, kuwa na wimbo unaopigwa redioni, yote hayo ni mambo mazuri ya biashara, na simwonei mtu wivu kwayo, lakini hayajibu swali hilo. Wala cheti hakilijibu. Nawaheshimu sana wanaosoma muziki pale Chuo Kikuu cha Makumira, na kama ningepata nafasi na ada ningekwenda, lakini nimewahi kupiga na watu wanaosoma nota kama gazeti ambao ukiwaondolea karatasi wanakaa kimya, na nimepiga na watu wasiojua nota hata moja ambao hawajapotea tangu niwafahamu.

Mnaohudhuria harusi za kwetu huku kaskazini mtanielewa kwa mfano huu. Shangazi wa bibi harusi anapokea maiki ili atoe nasaha, anaguswa na furaha, na bila kumwambia mtu yeyote anaanzisha pambio. Haanzi kwa kii yoyote inayojulikana duniani. Anaanzia pale furaha ilipomfikishia, mahali fulani katikati ya F na F kali, nota mbili zinazofuatana. Mpiga kinanda hawezi kumfuata hapo, kwa sababu kinanda hakina kitufe cha katikati. Kwa hiyo mpiga dramu anamshika mwendo kwanza kwa kupiga taratibu ili asimtishe, mimi ninapapasa nota mbili tatu chini chini hadi nijue anaelekea wapi, kisha ninashikilia ile F kali kwa muda mrefu kidogo, na shangazi, bila kujua, anapanda ile nusu iliyobaki na kukaa juu yake. Mpiga kinanda anaingia hapo hapo. Ukumbi mzima unasimama na kucheza, na kila mtu anaamini kwamba shangazi na bendi walifanya mazoezi wiki nzima. Hiyo ndiyo kazi ambayo kamati inaiita kupiga vyombo tu, na fleshi haiwezi kuifanya kwa sababu fleshi haimsikii shangazi.

Watu wazima wa mji huu wanapaswa kuyajua haya kuliko sisi. Mwaka 1970 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walihamia hapa hapa Arusha wakaunda bendi ya Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William, na mwaka uliofuata wakahamia Mombasa, ambako ilizaliwa bendi ya Simba Wanyika. Sikilizeni magitaa yale yanavyojibizana. Gitaa la rizimu halipigi jambo la kujionyesha hata kidogo, linarudia mambo yale yale kwa dakika nyingi, lakini likinyamaza wimbo unaanguka. Katika bendi za dansi za wakati huo hakuna aliyemuuliza mpiga rizimu kama yeye ni mwanamuziki. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikafuata mwaka 1978, ambayo baadaye ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam, na wapiga vyombo wa bendi hizo walikuwa waajiriwa kama waajiriwa wengine. Zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania, bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na mmoja akiharibu, wote walirudia tangu mwanzo. Ndiyo maana mkisikiliza kwa makini mtakuta tarumbeta limeingia mapema kidogo au sauti imepwaya mahali fulani, na hakuna aliyewahi kudai fedha zake zirudishwe kwa sababu hiyo.

Najua kuna watakaosema kwamba mimi ni mtu wa zamani anayechukia mashine. Hapana. Prodyuza anayekesha akitafuta mlio mmoja wa ngoma ni mwanamuziki kamili, kwa sababu akikosea masikio ya watu yatamhukumu. Hata Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji iliyotoka mwaka 1997 kutoka kwa mhandisi Andy Hildebrand, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi ya ardhini kwa ajili ya utafutaji wa mafuta, inaweza kutumiwa na mtu mwenye sikio na ikaleta ladha. Wala sisemi kwamba wanaofoka si wanamuziki. Mji huu umetoa X Plastaz, waliochanganya kufoka kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai, ukamtoa Joh Makini na wengine wengi, na kijana anayesimama mbele ya watu na biti tupu, akihesabu mwendo mwenyewe na kubana pumzi ili afike mwisho wa mstari, ana hatari ile ile niliyonayo mimi. Ninachokipinga ni kulipwa kwa kuimba wakati huimbi. Mwaka 1990 kundi la Milli Vanilli lilinyang'anywa tuzo ya Grammy baada ya kubainika kwamba vijana wawili waliokuwa wakionekana jukwaani hawakuwa ndio walioimba kwenye albamu yao. Hapa kwetu wangeendelea kupata sendofu kila wiki.

Na tusiwaonee wanakamati peke yao. Zipo bendi za hapa hapa mjini, na zinajijua, ambazo zimekubali mchezo huu hadi zimeacha kufanya mazoezi, zinabeba kompyuta yenye nyimbo zilizokwisha kupigwa, na kazi ya wapigaji ni kuvaa suti zinazofanana. Hizo ndizo zilizowafundisha wateja kwamba bendi ni pambo la ukumbi pamoja na maua na vitambaa vya viti. Nikiwalinganisha na wale vijana wa matarumbeta wanaotangulia msafara wa maharusi, wamesimama nyuma ya pikapu kwenye barabara ya vumbi, gari likiingia shimoni na tarumbeta likimgonga mtu mdomo lakini mwendo usikatike, najua nani ningempa mkono kwanza. Wengi wao walijifunzia kwenye bendi za makanisa ya Kilutheri, na sijawahi kumsikia mjumbe wa kamati akiwaita wanamuziki.

Ninaomba mambo mawili tu. Kamati ikitaka muziki wa mubashara, iandike hivyo kwenye mkataba na ituachie jukwaa na umeme, na tukiharibu itukate fedha, hilo ni haki yake. Ikitaka watu wa kusimama kwenye picha, nayo iandike, tutakuja tumechana nywele, lakini ijue kwamba tutadai bei ile ile, kwa sababu kusimama na gitaa lisilolia mbele ya watu mia kadhaa ni kazi ngumu kuliko kupiga.

Ninyi wapiga vyombo wa Moshi, Desemba inakuja, watu watarudi nyumbani na harusi na vipaimara vitajaa kuanzia Marangu hadi Machame. Naomba mtuambie huko kwenu mnaandikaje mikataba yenu, na kama yupo aliyewahi kudaiwa arudishe fedha kwa kosa la kutopiga baada ya kukatazwa kupiga, atueleze alilimalizaje jambo hilo, maana sisi kamati imetuita tena Jumamosi hii kujadili advansi.

Naomba kuwasilisha.