Naomba ushauri, kilele cha Lenana na theluji, buti za mtumba zitashika?
Wadau habari zenu, niko Kisumu na mwezi ujao sisi wanne tumepanga kupanda Mlima Kenya kupitia njia ya Sirimon, tunalala kambi ya Old Moses halafu Shipton's, alafu saa tisa usiku tunatoka kujaribu Lenana, mita 4,985. Sasa juzi jamaa ametoka huko akanitumia picha, theluji iko hadi kwa vifundo vya miguu na mawe ya juu yameganda yanang'aa kama kioo. Na mimi hapa mvua ikinyesha kidogo tu navaa sweta jameni. Nimepata buti za mtumba Kibuye, ngozi iko poa lakini soli imelika upande wa kisigino, zitashika kwa barafu kweli ama nitafute zile chuma za kufunga chini ya kiatu? Glavu za sufu zikilowa si ndio basi? Pia kutoka huku mita 1,100 hivi, usiku mmoja Old Moses unatosha mwili kuzoea ama tuongeze siku, maana mwenzetu mmoja kichwa humuuma hata tukipita huko juu Timboroa na matatu, na yeye anasema tangawizi itatosha. Mwongozaji bado hatujamlipa, kwa hivyo tarehe tunaweza kusongesha.