Hivi Bride of Chucky ni ya kutisha au ya kuchekesha? Nimecheka mpaka nimejishtukia

popo_wa_usiku
Wakuu habari za saa hizi. Nimeamua kuangalia muvi za yule mdoli muuaji Chucky kwa mpangilio, ya kwanza ya 1988, ya pili 1990, ya tatu 1991, zote nimemaliza. Ile ya kwanza aisee ilinikaa, pale mama anashika boksi la mdoli betri zinadondoka kumbe hazijawahi kuwekwa na siku zote mdoli alikuwa anaongea, mtu mzima mimi nilinyanyua miguu juu ya kochi. Sasa jana nimeweka hii ya 1998, nimezima taa, nimejipanga kuogopa, kumbe naletewa mume na mke wanagombana nani aoshe vyombo!! Na wote wawili ni midoli. Nimecheka mwenyewe gizani kama chizi. Swali langu, waliishiwa au walikusudia? Na niendelee au niruke niende kwenye zile mpya, maana mimi nilikuja kuogopa bana

bundi_mzee
Walikusudia mkuu, na wamekuambia tangu mwanzo kabisa ila hukuangalia vizuri. Rudisha nyuma pale kwenye stoo ya vidhibiti ya polisi, humo kuna barakoa ya Jason, kuna glovu ya Freddy yenye visu, wale wauaji wa muvi nyingine za kutisha, vyote vimewekwa kama vitu vya ushahidi. Ukishaona hivyo ujue mwenye muvi anakukonyeza.

Halafu kumbuka ilivyokuwa. Ya tatu ilitoka miezi tisa tu baada ya ya pili, watu wakachoka, mdoli akalala miaka saba. Katikati hapo ikaja Scream 1996 ikafanya watu wazoee muvi ya kutisha inayojicheka yenyewe. Don Mancini anayeandika hizi zote akaona njia. Wakamleta direkta wa Hong Kong, Ronny Yu, na mpiga picha Peter Pau, huyu ndiye baadaye alichukua Oscar kwa muvi ya Crouching Tiger, ndio maana hata ukiondoa vichekesho muvi yenyewe inapendeza machoni, iangalie tena ile sehemu ya kioo cha darini hotelini ndio utanielewa. Na pesa ilirudi, kama dola milioni 50 dunia nzima.

Mimi naona hawakuwa na namna ila kuifanya nyepesi. Ya kwanza inamficha Chucky karibu nusu nzima kabla hujamsikia akiongea kwa sauti yake ya kweli, ile ya matusi. Mdoli ambaye tumeshamsikia akitukana muvi tatu utamficha wapi tena?

mama_popcorn
Mimi hapo kwenye "nyepesi" nawapinga. Nyepesi wapi?? Yule mkuu wa polisi alivyopigwa misumari ya uso umesahau? Damu iko vilevile, pengine zaidi. Kilichobadilika ni tunakaa upande wa nani. Kule nyuma tulikaa na Andy, mtoto anasema kweli wakubwa hawamwamini, unabaki unapiga kelele kwenye tv "msikilizeni mtoto jamani". Hapa Andy hayupo, umepakiwa kwenye gari na wauaji wenyewe safari nzima unasikiliza ugomvi wao wa ndoa, utaacha kucheka?

Na Tiffany, yule mke wa Chucky anayeigizwa na Jennifer Tilly, ndiyo muvi yenyewe msinidanganye. Dada wa watu katunza pete miaka kumi akijua Chucky alikuwa anataka kumuoa, kamtoa kwa polisi vipande vipande, kamshona, kamrudisha duniani, akimuuliza habari ya pete jamaa anaangua kicheko, kumbe ilikuwa ya wizi. Nilimuonea huruma Tiffany pale mpaka nikasahau kwamba dakika chache nyuma alimchinja mtu

bundi_mzee
@mama_popcorn 😂😂 hilo la pete nimelikubali

fundi_rimoti
Nyie mnabishana story mimi nilibaki naangalia midomo yao tu. Ile sio kompyuta wakuu. Sauti ya Brad Dourif, anayemuigiza Chucky, inarekodiwa kwanza, halafu mafundi wanamfanya mdoli aifuate, huyu anaendesha macho, huyu mdomo, mwingine mikono, uso unaendeshwa kwa rimoti. Kwahiyo pale Chucky anapomtazama mke wake kwa hasira ujue kuna watu kadhaa wamejificha chini ya seti wanavuta pumzi kwa pamoja. Na kwenye baadhi ya zile za kutembea na kukimbia wanamvalisha mtu mfupi nguo za mdoli. Ndio maana ugomvi wa vyombo unanoga, vitu vipo pale kweli, vina uzito. Haya endeleeni kubishana

kivuli2
Mbona hamumtaji Annabelle. Ile Annabelle Comes Home ya 2019 nayo ni nyepesi kuliko mbili za kabla yake ila kwa njia nyingine kabisa. Yule mdoli haongei, hatembei, anakaa tu kwenye kiti chake ndani ya kabati la kioo, vitu vingine ndio vinaamka. Basi imekuwa ya wasichana watatu wamebaki nyumbani usiku na chumba ambacho hakifai kufunguliwa, kuna na kijana kaja na gitaa kuimba nje anaishia kujificha kwenye banda la kuku anamkimbia mbwa mwitu wa ajabu. Na ukihesabu hakuna anayekufa! Mimi hiyo ilinitisha kuliko Bride, samahanini

bundi_mzee
Kuhusu kuruka: Seed of Chucky ya 2004 hiyo ndio vichekesho kamili, Jennifer Tilly anaigiza kuwa Jennifer Tilly, mtoto wa midoli anatafuta wazazi wake, ikaingiza karibu nusu ya Bride tu. Kama uvumilivu huna iache. Ila Bride usijute kuiangalia, maana Curse of Chucky ya 2013 inarudi kwenye kutisha, nyumba moja, dada wa kiti cha magurudumu (ni binti yake Brad Dourif kweli kabisa), na mdoli anakuja uso msafi kama mpya. Muangalie huo uso. Sisemi zaidi

popo_wa_usiku
Nimerudi. Seed nimeiruka, nimeweka Curse jana usiku. Nimefika pale ngozi ya uso inaanza kubanduka pembeni na chini yake zinatokea nyuzi za Tiffany.

Nimewasha taa zote. Nitamalizia kesho mchana

mama_popcorn
Si ulisema ulikuja kuogopa 😂