Mdogo wangu anataka kusomea hisia za watu na roboti, mzee amegoma kutoa hela ya korosho

Korosho_Newala:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naombeni mawazo maana nyumbani hapakaliki. Mdogo wangu wa kike kamaliza digrii ya saikolojia, karudi hapa Newala na sasa anataka kwenda masta, ila si ushauri nasaha kama tulivyotegemea, anasema anataka kutafiti hisia za watu wanapokuwa na roboti. Mzee alishatenga hela ya mnada kwa ajili yake, aliposikia roboti akasema bora inunue salfa ya msimu ujao maana mikorosho anaijua na roboti haijui. Binti analia, mama yuko kimya, mi nimebaki katikati. Hii fani ipo kweli? Na mtu wa saikolojia anaenda kufanya nini huko, si kazi ya mainjinia hiyo?

fundi_chikongola:
Mkuu mi nipo upande wa mzee. Hela ya jasho hiyo alafu ikasomee kitu ambacho Mtwara nzima hakuna wa kumuajiri, hapana. Angesoma hata uuguzi angepangiwa kituo.

mwl_wa_Lindi:
Korosho fani ipo tena ya siku nyingi. Injinia anatengeneza mashine, mtu wa saikolojia anamwangalia binadamu aliyekaa mbele ya hiyo mashine. Roboti haina hisia, mwenye hisia ni mtu, na hapo ndo kazi ilipo. Mwaka 1966 pale chuo cha MIT Marekani, Joseph Weizenbaum alitoa programu ya kompyuta inaitwa ELIZA, unaiandikia shida yako yenyewe inachukua maneno yako yaleyale inakurudishia kama swali. Katibu muhtasi wake alijua fika ni programu maana alimuona akiitengeneza miezi kibao, lakini alivyoanza kuandikiana nayo kidogo tu akamuomba bosi atoke chumbani. Yaani alitaka faragha! Weizenbaum ilimtisha hiyo, akaja kuwa mtu wa kuonya kuhusu kompyuta.

Sasa angalia Wajapani, Takanori Shibata alitengeneza Paro, sili bandia mwenye manyoya meupe, ukimpapasa anageuka anatoa sauti, wanapewa wazee waliopoteza kumbukumbu, na Marekani 2009 wakamkubali kama kifaa cha tiba. Je yule bibi anafarijika kweli au anadanganywa? Akizoea sili atatembelewa na wanae kama zamani? Injinia hawezi kukujibu hayo.

Kazi yenyewe mara nyingi iko hivi: mtu anaingizwa chumbani, roboti iko mezani, anaongea nayo, kumbe chumba cha pili kuna mtafiti anaiendesha na kuiandikia maneno. Vidole vya yule mtu vina vipimo vya jasho, kamera inarekodi anakaa umbali gani, anatazama wapi, anasita wapi. Mwisho anaambiwa ukweli wote, hiyo ni lazima kimaadili. Ujerumani 2013 waliwaonyesha watu video ya dinosa wa roboti, mwanasesere tu, akiteswa, na vipimo vikaonyesha miili yao imeshtuka.

bintiTandahimba:
Mi niongezee kwa sisi watu wa Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Kinyago kile kina chale na nywele za mtu kweli, mtoto anakikimbia hata kama ameshaambiwa ndani kuna mjomba wake. Mjapani Masahiro Mori aliandika jambo la namna hiyo 1970, kwamba kitu kikifanana na mtu tunakipenda, ila kikikaribia sanaaa bila kufika tunaingiwa na hofu, akaiita bonde kwa vile mapenzi yanaporomoka ghafla hapo. Hapo mdogo wako ana cha kuongea na mzee.

Na jamani kubwa zaidi ni hili, kuna programu zinauzwa zinadai zinasoma hisia usoni kwa kamera. Zimejengwa kwenye wazo kwamba dunia nzima tunakasirika kwa sura moja. Watafiti akina Maria Gendron walifika mpaka kwa Wahadzabe hapahapa Tanzania, majibu hayakukaa kama wazo hilo linavyotaka. Mtu wa kwetu akichukizwa mbele ya mkwe wake utaona nini usoni? Hakuna, ametulia kabisa. Hiyo kamera itaandika yuko sawa. Ulaya wameshapiga marufuku kuzitumia kazini na mashuleni isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, huku kwetu zikija nani atasema sura zetu hazijasomwa vizuri kama hakuna hata mmoja wetu aliyesomea? Mpelekeni huyo mtoto shule.

fundi_chikongola:
Hilo la mkwe limeniingia, sikuwa nimelifikiria. Ila bado nauliza, ataanzaje bila roboti?

mwl_wa_Lindi:
Hahitaji kuanza na roboti. Mwaka 1944 wanasaikolojia Heider na Simmel waliwaonyesha watu katuni ya pembetatu mbili na duara zinatembea tu, watu wakasimulia ugomvi, uonevu, mpaka mapenzi. Achore kitu cha hivyo kwenye simu, awaonyeshe wazee na vijana wa Newala, arekodi wanachosimulia kwa ridhaa yao. Akienda kuomba ufadhili anakuwa na kitu mkononi, na hela ya mzee inapumua.

Korosho_Newala:
Asanteni sana sana, nimemsomea binti yote haya kafuta machozi kaomba daftari. Ijumaa baada ya swala nakaa na mzee. Mwalimu, hizo pembetatu zilikuwa zinafanya nini hasa? Anataka aanze kuchora usiku huuhuu.