Re: Ushauri kuhusu chumba cha besimenti, Minneapolis

Habari zenu ndugu na jamaa,

Nimepata nyumba ya kupanga, kodi yake nafuu kuliko zote tulizoziona. Vyumba viwili viko juu, cha tatu kiko besimenti, yaani sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi, na humo ndimo nataka kuwalaza wanangu wa kiume. Kina zulia jipya na rangi safi. Dirisha ni dogo, liko karibu na dari. Mwenye nyumba anataka nisaini mkataba Ijumaa. Mnaonaje?

Mama wa watatu

---

Dada yangu, usisaini kabla hujalipima hilo dirisha. Kazi yangu hapa ni kubadilisha madirisha, na vyumba vya namna hiyo naviona kila mara: rangi nzuri, pa kutokea hakuna.

Moto ukianzia jikoni, moshi hujaa kwenye ngazi haraka sana, na aliyelala chini hubakiwa na dirisha tu. Mtu wa zimamoto naye lazima aweze kupita hapo akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Ndiyo maana kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi ziitwazo IRC, ambazo majimbo mengi ya Marekani yamezipitisha pamoja na marekebisho yao, zinadai dirisha la chumba cha kulala cha besimenti liwe na uwazi usiopungua futi za mraba 5.7, au 5 likiwa usawa wa ardhi au chini yake. Upana usipungue inchi 20, kimo kisipungue inchi 24, na ukingo wa chini usizidi inchi 44 kutoka sakafuni.

Hapo wengi hupotea. Inchi 20 kwa 24 ni futi za mraba 3.3 tu, haitoshi. Likiwa na upana wa inchi 20, kimo lazima kifike kama 41 kwa futi za mraba 5.7, au 36 kwa futi za mraba 5. Tena lifungue kabisa ndipo upime nafasi ya mwili kupita, usipime kioo. Kwa nyumba za zamani jiji linaweza kukubali kipimo kidogo zaidi, lakini jibu hilo ulipate jijini, si kwa mwenye nyumba.

Sisi tuliokulia Dar au Mombasa tunaona dirisha lenye grili ndilo salama. Huku grili kwenye dirisha la kutokea inaruhusiwa ikiwa tu inafunguka kutoka ndani bila ufunguo wala kifaa. Mwanao ajaribu mwenyewe, gizani.

Moto si hatari pekee. Mabaki ya kimbunga Ida yalipofika New York Septemba 2021, watu 13 walikufa jijini, na 11 kati yao walikuwa kwenye makazi ya besimenti. Hao waliuawa na maji.

Fundi wa madirisha

---

Naongezea kwa mama. Angalia ving'ora vya moshi: kimoja ndani ya kila chumba cha kulala, kimoja nje yake, na kila ghorofa pamoja na besimenti. Mtambo wa kupasha joto na hita ya maji za gesi mara nyingi ziko hukohuko chini, kwa hiyo king'ora cha kaboni monoksaidi, sumu inayotoka moto ukiwaka, ni lazima. Sumu hiyo haina harufu. Na tafadhalini, jiko la mkaa lisiwashwe ndani hata umeme ukikatika. Piga 311, simu ya huduma za jiji, uliza kama nyumba hiyo ina leseni ya kupangishwa.

Kaka wa Columbus

---

Asanteni sana. Nimepima: upana 31, kimo 15. Mwenye nyumba anasema atakata ukuta aweke kubwa, ila nihamie kwanza. Nikubali?

Mama wa watatu

---

Hapana, dada. Kukata ukuta wa msingi kunahitaji kibali cha jiji, na mkaguzi lazima aje. Shimo linalochimbwa nje mbele ya dirisha la besimenti nalo lina kipimo: angalau futi za mraba 9, na ngazi ya kudumu kina kikizidi inchi 44. Mwambie aandike kwenye mkataba kwamba kodi inaanza baada ya mkaguzi kupitisha kazi. Akikataa, tafuta kwingine. Ukitaka, nitakuja na futi ya kupimia tukague nyumba itakayofuata.

Fundi wa madirisha