Majirani wa Chikongola, Mtwara: watoto wanacheza tu?

*Mama Swaumu:* Asalaam aleikum majirani. Swaumu katimiza miaka minne, na kila nikiuliza kwenye kituo cha kulelea watoto leo wamefanya nini naambiwa wamecheza. Nataka nimnunulie daftari na penseli aanze a e i o u nyumbani. Mwalimu Somoe unasemaje?

*Mwl. Somoe:* Waaleikum salaam. Daftari lisubiri kwanza. Mifupa ya kifundo cha mkono kwa umri huo bado haijakomaa, na vidole havijapata nguvu. Ukimlazimisha, penseli anaikamata kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, mstari mmoja tu kashachoka. Akianza kuchukia kuandika, kumrudisha ni kazi kubwa. Mpe kufinyanga udongo, kukamua kitambaa chenye maji, kutunga vifuniko vya chupa kwenye uzi. Hayo ndiyo maandalizi ya penseli.

*Mwl. Somoe:* Na mchezo wa mdako msiuache ufe! Kashimo ka upana wa kiganja, kete kumi ndani. Anarusha jiwe juu, anazikomba kete nje, analidaka. Anarusha tena, anazirudisha zote isipokuwa moja. Hapo pana macho na mikono kwenda pamoja, pana kusubiri zamu, pana kutoa moja kwenye kumi. Ila wa miaka minne bado hawezi kudaka kwa mkono mmoja, atakata tamaa. Mwanzishie mpira wa matambara, adake kwa mikono miwili. Kete mpe tatu, ahesabu zilizobaki.

*Baba Issa:* Na mwenye miezi tisa? Anatupa kijiko chini, ukimwokotea anatupa tena. Kutwa.

*Dada Fatuma (afya ya jamii):* Shemeji usimgombeze, anachunguza. Kijiko kikianguka kinalia, baba anainama, kinarudi. Mpe kikombe cha plastiki, mwiko mdogo, kifuu kilichosuguliwa kikawa laini. Vitatu vinatosha, ukimmwagia kumi anashika hiki anaacha kile. Kisha funika kijiko kwa kanga mbele ya macho yake, uone kama atakifunua. Umri huo wengi wanaanza kuelewa kuwa kitu kisichoonekana bado kipo.

*Dada Fatuma:* Halafu mjibu. Akisema "ba", sema "ba", kisha nyamaza umngoje. Wengi tunakosea hapo: mtu mzima anaongea mfululizo, mtoto hapati zamu yake.

*Baba Issa:* Nilitaka kumwekea katuni kwenye simu atulie.

*Dada Fatuma:* Hapana shemeji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2019 unasema chini ya mwaka mmoja asikalishwe kwenye skrini kabisa. Miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Katuni haimjibu mtoto. Mtengenezee manyanga: chupa ya nusu lita, kavu kabisa, punje za mahindi vijiko viwili vya chakula. Ukijaza sana hailii, na inakuwa nzito kwake. Ng'oa ile pete iliyobaki shingoni mwa chupa, itakatika aimeze. Kizibo kitie gundi, kiache usiku kucha, kisha zungushia kitambaa ushone. Usiiache juani, plastiki inakakamaa na kupasuka. Ikionyesha ufa, tupa.

*Bibi Zainabu:* Msimu huu korosho zimejaa uani. Si mngewapa hizo wakahesabia?

*Dada Fatuma:* Shikamoo Bibi. Korosho zenye ganda, hapana, nakuomba sana. Mtoto akiing'ata, mafuta ya ganda yanababua midomo na ulimi. Hata iliyobanguliwa ikiwa nzima asipewe wa chini ya miaka mitano, inaweza kumkaba, na karanga vilevile. Kwa wa chini ya miaka mitatu, kila kinachopita kwenye bomba la katikati la karatasi ya chooni si cha kuchezea. Kwa hiyo kete na vile vifuniko vya Mwalimu visiachwe sakafuni wadogo wakiwepo.

*Bibi Zainabu:* Marahaba mwanangu. Na mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, je? Wajukuu wanaivaa kama makanzu.

*Dada Fatuma:* Wavueni Bibi! Ule unga unawasha macho na kifua, na kuosha mfuko hakusaidii. Makopo ya viuatilifu nayo yasiguswe kabisa.

*Mama Swaumu:* Basi daftari naacha. Udongo wa kufinyanga nautoa wapi, huku kwetu mchanga mtupu?

*Mwl. Somoe:* Tumia unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kimoja, mafuta vijiko viwili, na maji robo tatu ya kikombe, ukimimina kidogokidogo. Ukinata, ongeza unga. Ukimeguka, lowesha mikono ukande tena. Angalia asiule, chumvi ni nyingi mno kwa mtoto. Weka kwenye kopo lenye mfuniko, na kwa unyevu huu wa pwani ukiona ukungu au harufu, mwaga ukande mwingine.