Mama alitoka mkanda wa jeshi usoni, sasa kapata kiharusi. Naombeni ushauri

Mgebuka Mbichi: Wakuu, niko Ujiji. Mama, miaka 61, alitoka mkanda wa jeshi upande wa kulia, kwenye paji la uso hadi kope. Vipele vikakauka, maumivu yakabaki. Huu ni mwezi wa pili tangu vipele, na juzi kaamka mkono na mguu wa kushoto havina nguvu, ulimi mzito. Presha iko sawa, sukari hana. Amelazwa. Wajomba wanasema mkanda ulikuwa kulia na kilicholegea ni kushoto, basi ni mkono wa mtu, tumtoe tumpeleke kwa mtaalamu Kasulu.

Bwana Dozi: Msimtoe! Hiyo kulia na kushoto ndiyo inayonifanya niushuku mkanda. Ubongo wa kulia ndio unaoendesha mwili wa kushoto. Kirusi cha mkanda ni kile kile cha tetekuwanga, hujificha miaka na miaka kwenye mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu unaohudumia paji na jicho hupeleka matawi pia kwenye mishipa ya damu ya ubongo, upande ule ule. Kirusi kikipita humo, kuta za mshipa wa damu zinavimba, njia inabana. Huja wiki au miezi baada ya vipele, watu wameshasahau. Daktari anajua habari za mkanda?

Mgebuka Mbichi: Mjomba ndiye aliyetoa maelezo. Alitaja presha tu.

Kizito Gungu: Huyo mjomba naye! 😂

Bwana Dozi: Mwambieni daktari leo, msingoje raundi ya kesho. Ulizeni kuhusu CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na kupima maji ya uti wa mgongo. Ikithibitika, au daktari akishuku sana, dawa ni asaiklovia, ya kupambana na kirusi, ya mshipani kila saa 8, kwa kawaida siku 14, na mara nyingi prednisoloni, ya kupunguza uvimbe, siku chache. Figo zipimwe. Na VVU pia, wala msione vibaya, kinga ikishuka kirusi hiki hupata nafasi.

Mama Wawili: Nimemuuguza baba mkwe wa kiharusi. Msimlishe uji akiwa amelala, mkalisheni kwanza. Ukipita njia ya hewa unaishia mapafuni.

Mgebuka Mbichi: Asanteni. Nimeongea na daktari wa zamu, kaandika yote kwenye faili. Wajomba wamenuna.

Bwana Dozi: Wanune tu. Jicho la kulia nalo lionwe na daktari wa macho, hata kama halimuumi.