Tupeane uzoefu: vipimo vikipandashuka, unajuaje lini uguse mashine na lini uiache?

Kinu_Kibaigwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nasimamia upakiaji kwenye kinu cha unga wa sembe, pakiti za kilo 1, 2 na 5. Mashine yetu ni ile ya skrubu: skrubu inazunguka, unga unashuka, pakiti inafungwa. Hakuna pakiti mbili zinazolingana. Ukiweka za kilo 2 kwenye mizani ya pembeni utasoma gramu 2,006, inayofuata 1,994, halafu 2,011, halafu 1,998. Unga uliotoka kusagwa sasa hivi una joto na hewa nyingi, kwa hiyo ni mwepesi. Uliolala kwenye hopa (tangi la juu linalolisha mashine) usiku kucha umeshajikandamiza. Hopa ikijaa hadi juu uzito unapanda kidogo, ikikaribia kuisha unashuka.

Vijana wa zamu wana mtindo mmoja. Pakiti ikisoma 1,994, anazungusha nobu (kitufe cha kurekebisha uzito) kuongeza gramu 6. Inayofuata ikisoma 2,011, anapunguza 11. Kutwa nzima mkono hautoki kwenye nobu, na ukimwangalia unasema huyu kweli ni mchapakazi. Nikawaomba zamu ya usiku wasiiguse nobu kabisa mpaka waniite, ya mchana wakaendelea na mtindo wao. Nilipozilaza karatasi mbili za uzito wa pakiti mezani, ya usiku ilikuwa imetulia, ya mchana ni milima na mabonde. Mashine ileile, unga uleule.

Hili lina pesa ndani yake. Kwa pendekezo la kimataifa la vipimo, OIML R 87, pakiti ya kilo 2 inavumiliwa upungufu wa gramu 30, lakini wastani wa shehena nzima usiwe chini ya kilichoandikwa. Sasa kama uzito wako umetawanyika sana, utalazimika kupandisha wastani ili zile za chini zisikutie matatani. Ukipandisha gramu 15 tu, umegawa bure kilo 7.5 katika kila tani. Hesabu mwenyewe kwa mwezi.

Kwenye kazi yako, ni kitu gani kinapandashuka, na unatofautishaje kuyumba kwa kawaida na tatizo lenyewe? Kazi yoyote, hata genge la nyanya. Karibuni.

Mpita_Njia

Naweka kambi hapa.

Zege_Siku28

Mkuu umegusa kidonda cha site.

Sisi kwetu ni kyubu, vipande vya zege vya kupimia nguvu. Unamwaga zege, unachukua sampuli, unajaza moldi za milimita 150, unazilaza kwenye maji, unazivunja siku ya 7 na ya 28. Mchoro unasema daraja la 25, yaani nyutoni 25 kwa milimita ya mraba. Wasiojua hudhani unatakiwa ulenge 25. Ukilenga 25, nusu ya kyubu zako zitakuwa chini. Unalenga juu zaidi, na kiasi cha kwenda juu kinategemea mtawanyiko wako (SD, yaani kwa kawaida majibu huachana na wastani kwa kiasi gani): unauzidisha kwa 1.64, unajumlisha na 25. Site yenye nidhamu, mtawanyiko ukiwa 4, inalenga kama 31.6. Site ya holela yenye mtawanyiko wa 8 inalenga 38. Tofauti hiyo yote ni mifuko ya saruji inayolipia fujo.

Na fujo inaanzia kwenye karai. Huyu anajaza likawa na kichuguu, yule anajaza usawa wa ukingo. Mvua ikinyesha, mchanga mbichi unavimba. Wenye unyevu kidogo tu unaweza kuvimba hata robo ya ujazo wake. Kwa hiyo karai ni lilelile ila mchanga uliomo ni pungufu na maji yameongezeka, na fundi anamiminia mengine kwa macho kwa sababu anataka zege iteleze. Tulitengeneza boksi la mbao la kupimia, likijaa linapitishiwa ubao juu, maji yanapimwa kwa ndoo yenye alama na anayeyapima ni mtu mmoja tu kutwa. Hatukuongeza hata kilo moja ya saruji. Majibu ya kyubu yakasogeleana.

Kingine: kyubu moja ikianguka peke yake wakati wenzake wako salama, kabla hujamgombeza mtu, ipime uzito. Kyubu ya 150 iliyoshindiliwa vizuri ina kama kilo 8.1. Ukikuta ina 7.6, hiyo imejaa hewa. Aliyejaza moldi hakushindilia, na kwenye nguzo yenyewe pengine hakuna tatizo. Lakini zikianza kushuka zote kwa pamoja, hapo simamisha kazi uangalie saruji, mchanga na maji, kwa mpangilio huohuo.

Mwl_wa_Hesabu

Kinu_Kibaigwa, hilo la nobu lina hesabu yake na ni la zamani. Deming, yule Mmarekani wa takwimu na ubora viwandani, alikuwa akiwaonyesha mameneja kwa faneli na gololi. Unaangusha gololi juu ya alama, inaangukia kando. Ukiiacha faneli palepale, gololi zitatapakaa kuizunguka alama kwa eneo fulani. Ukiisogeza kila mara kufidia kosa la gololi iliyopita, eneo linapanuka. Linapanuka kwa kiasi kinachojulikana: ukifidia kosa lote kila mara, mtawanyiko unakua karibu mara 1.41. Sababu ni nyepesi. Kila pakiti sasa inabeba bahati yake yenyewe, pamoja na bahati ya iliyotangulia, iliyogeuzwa kinyume.

Walter Shewhart ndiye aliyechora chati ya kwanza ya kudhibiti (vipimo kwa mpangilio wake, na mipaka ya kuyumba kwa kawaida) mwaka 1924, akiwa kwenye kampuni za simu huko Marekani. Na kabla yake kulikuwa na bwana mmoja kwenye kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, William Gosset, aliyehangaika na sampuli ndogo za shayiri na hopsi. Mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, akatoa makala yake ya 1908 kwa jina la Student. Wanafunzi wangu hawaamini nikiwaambia jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa sampuli ndogo, limetoka kwenye pombe.

Kontroli_Asubuhi

Niko maabara ya hospitali, upande wa kemia ya damu. Kabla ya sampuli ya mgonjwa yeyote tunapitisha kontroli (sampuli ambayo jibu lake tunalijua tayari), na jibu linawekwa kwenye chati ya Levey-Jennings: mstari wa wastani katikati, SD (ule mtawanyiko wa Zege_Siku28) 1, 2 na 3 juu na chini. Tuseme glukosi wastani wake 5.5 na SD ni 0.15.

Wageni hudhani SD 2 ni ukuta. Sivyo. Mashine nzima kabisa itatoka nje ya SD 2 karibu mara moja kati ya 20, na ukipitisha kontroli mbili kila asubuhi, unaweza kutegemea karibu asubuhi moja kati ya 11 ikupe nukta moja nje bila kosa la yeyote. Ndiyo maana James Westgard, mtaalamu wa ubora wa maabara, mwaka 1981 akaweka kanuni kadhaa zinazosomwa pamoja. Nje ya SD 3, simama, maana mashine nzima hufanya hivyo kama mara 3 tu katika 1,000. Mbili mfululizo nje ya SD 2 upande uleule, simama. Nukta kumi mfululizo upande mmoja wa wastani, simama pia, hata kama kila moja inapendeza.

Hiyo ya kumi ndiyo watu huidharau. Kwetu iliwahi kutokea glukosi ikakaa kwenye 5.7 siku baada ya siku. Iko ndani ya SD 2, kila anayeingia zamu anatia saini anaendelea. Ukiifungua chati ya yurea na kreatinini, nazo zimepanda, kwa asilimia ileile, na zote zilianza siku ileile tulipofungua chupa mpya ya kontroli. Vitu vitatu visivyohusiana vikipanda sawasawa namna hiyo, usihangaike na kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha glukosi wala usikalibreti, yaani usiirekebishe mashine isome upya. Kontroli yetu huja kama unga, unaiyeyusha kwa mililita 5 za maji. Tukaichukua pipeti tukaipima kwa mizani: mililita 5 za maji zilipaswa kuwa gramu 5, ikatoa 4.8. Maji pungufu, kontroli nzito, kila kitu juu kwa asilimia 4. Kama tungekalibreti mashine kufuata kontroli ile, wagonjwa wote wangesomwa chini.

Na ile ya kurudia kontroli mpaka ikubali kuingia ndani, jamani, hiyo ni kurusha shilingi mpaka utoke upande unaoutaka.

Muuzaji_NRB

Salamu kutoka Nairobi. Sisi ni sabuni na mafuta ya kupikia, tunasambaza kwa maduka ya mitaani, kila muuzaji na ruti yake.

Mkutano wa Jumatatu: aliyeuza kidogo anapigwa maneno mbele ya watu, wiki ijayo anapanda. Aliyeongoza anapewa vocha na makofi, wiki ijayo anashuka. Bosi keshafikia uamuzi kwamba sifa huharibu watu na ukali hujenga. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman aliwahi kueleza jambo hilohilo kwa walimu wa marubani wa jeshi la Israeli: walimkaripia aliyeruka vibaya akaimarika, wakamsifu aliyeruka vizuri akaboronga. Kumbe anayepata wiki mbaya kupita kawaida yake, wiki inayofuata atarudi kuelekea kawaida yake hata usipofungua mdomo. Francis Galton aliliandika hili mwaka 1886 kwa urefu wa wazazi na watoto.

Nilichofanya mimi ni kuchora mauzo ya kila ruti wiki kwa wiki, karatasi moja kwa kila ruti. Mishahara ya mwisho wa mwezi inaonekana, shule zikifunguliwa inaonekana. Zilizobaki ni kelele tu. Ruti moja ndiyo ilikuwa inashuka bila kurudi juu, na yule kijana hata hakuwa wa mwisho kwenye orodha ya Jumatatu, kwa hiyo hakuna aliyemwuliza kitu. Tukaenda naye. Duka la jumla lilikuwa limefunguliwa karibu na stendi, linauza karibu kwa bei yetu, na wenye maduka wanachukua hapo kwa mkokoteni.

Kaka_Mkali

Sawa, lakini mnawapa wavivu kichaka cha kujificha. Kesho kila anayeharibu kazi atasema "bosi hii ni kuyumba kwa kawaida".

Mwl_wa_Hesabu

Kaka_Mkali, hoja yako ni nzito kuliko ulivyoiandika. Kuyumba kuwa kwa kawaida hakumaanishi ni sawa. Maana yake ni kwamba mwendeshaji hana uwezo nako. Aliyenunua mashine na kuchagua malighafi ndiye anayeweza kupunguza kuyumba huko. Deming alikuwa na mchezo mwingine: sanduku la shanga, moja katika kila tano ni nyekundu, na kibao chenye vitundu 50. "Mfanyakazi" anachovya, anatoka na nyekundu kama 10, mwingine 7, mwingine 13. Msimamizi anamsifu wa 7 na kumtishia wa 13. Wamechovya sanduku moja. Ukitaka nyekundu zipungue, nenda kwa aliyejaza sanduku.

Kinu_Kibaigwa

Hapo umenimaliza mwalimu. Kwetu sanduku ni hopa. Sasa hivi tunaiweka kati ya nusu na robo tatu, haijai wala haikauki, na unga wa moto unapumzika kwanza kabla ya kuingia. Karatasi imesogeleana zaidi ya ile ya usiku, na nobu haijaguswa.

Mama_Skonzi

Mimi mikate, Iringa. Baridi ya mwezi wa 7 unga hauumuki kwa muda ule wa mwezi wa 11, wengi wanaongeza hamira. Mimi nabadilisha joto la maji na muda wa kuuacha, hamira haibadiliki mwaka mzima. Donge napima kwa mizani kabla ya kuviringa. Basi.

Abiria_wa_Saa12

Naongeza la kituoni. Daladala 6 kwa saa ni moja kila dakika 10. Zikija kwa mpangilio, unasubiri wastani wa dakika 5. Zikija mbilimbili, pengo la dakika 2 kisha la 18, idadi kwa saa ni ileile, lakini abiria 9 kati ya 10 wanafika wakati wa pengo refu. Wastani wa kusubiri unakuwa dakika 8.2. Ya mbele imejaa hadi mlangoni, ya nyuma inapeperuka tupu. Mkiongeza magari bila kuyatenganisha, mnaongeza tu msafara.

Mpita_Njia

Swali: mimi sina kompyuta wala hiyo SD. Naanzaje?

Kontroli_Asubuhi

Karatasi ya mraba na kikokotoo cha simu. Kusanya vipimo kama 20 au 25 kwa mpangilio vilivyotokea, usivipange upya. Tafuta wastani. Kisha tafuta tofauti ya kila kipimo na kilichotangulia, usijali jumlisha wala toa, uchukue wastani wa hizo tofauti. Uzidishe kwa 2.66. Hicho ndicho kiasi cha kwenda juu na chini ya wastani. Kama tofauti za pakiti za Kinu zina wastani wa gramu 8, mipaka yake ni kama gramu 21 kila upande. Ndani ya hapo na bila msururu wa upande mmoja, mikono mfukoni.

Kaka_Mkali

Hiyo 2.66 umeitoa wapi?

Kontroli_Asubuhi

3 gawanya kwa 1.128. Hiyo 1.128 muulize mwalimu, yuko online.

Kinu_Kibaigwa

Naibandika ukutani zamu ya asubuhi. Na kama kuna aliyewahi kufunga kikorogeo ndani ya hopa ya unga, aje anieleze alitumia mota ya nguvu gani, maana fundi niliyempata anataka kuifunga ya mashine ya kusagia.